Ujumbe wa Kosa Kama Matini: Kompaila ya Rust

Ujumbe wa kosa ni matini fupi ambayo msomaji huifikia akiwa amekwama. Kwa hiyo wastahili kuhakikiwa kama matini nyinginezo. Toleo la 1.12 la lugha ya Rust, lililotoka Septemba 2016, lilibadili muundo wa jumbe za kompaila yake, kwa kuathiriwa na lugha ya Elm. Mistari ya mwandishi wa programu iliwekwa katikati, na maelezo yakawekwa papo hapo penye kasoro.

Mathalani, kosa E0382 hutokea thamani inapotumiwa baada ya kuhamishiwa mmiliki mwingine. Kompaila huonyesha mahali pawili: pale thamani ilipohamishwa na pale ilipotumiwa tena. Ubora wake umo humo, kwani kosa huelezwa kama kisa chenye chanzo na matokeo.

Hata hivyo, mara nyingi hufuata shauri la kunakili thamani hiyo. Kosa limethibitishwa, shauri ni dhana tu juu ya nia ya mwandishi. Matoleo ya karibuni huongeza sharti: iwapo gharama yake yakubalika. Sharti hilo ni la haki, lakini mwanafunzi anayeanza hana kipimo cha gharama hiyo. Hunakili, programu ikapita, na suala la umiliki likabaki fumbo. Palipo na uwezekano wa kuazima thamani, heri utajwe kwanza: dawa isitangulie kueleweka kwa maradhi.