Dhahabu Juu ya Msaji

Maandishi ya madukani Ifakara hayadumu. Jua la bonde la Kilombero huyababua, masika huyalowesha, na fundi wa mabango huitwa tena na kopo lake la rangi. Ni riziki ya halali, wala hakuna aliyemwahidi mwenye duka kwamba jina lake litasomwa na wajukuu.

Seyyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alikuwa na hesabu nyingine. Katika Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Zanzibar mwaka 1883, milango ilichongwa aya za Kurani zikavishwa dhahabu. Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba hilo iliporomoka, watu wawili wakafariki. Kuta za majengo ya namna hiyo zina wahandisi wake. Herufi zinamtaka mtu mwingine kabisa.

Mtu huyo hushika dhahabu iliyofuliwa hadi ikabaki na unene wa kama sehemu moja ya elfu kumi ya milimita. Gramu moja hufunika karibu nusu mita ya mraba. Ghali hasa ni mikono. Ukiigusa dhahabu hiyo kwa kidole imekwisha, ukipiga chafya imeruka. Fundi hupaka herufi gundi ya mafuta ya kitani, kisha husubiri, pengine saa kadhaa, mpaka ikaribie kukauka lakini bado inanata. Hapo hupitisha brashi pana ya manyoya ya kindi shavuni mwake, ipate mafuta kidogo ya ngozi, ndipo dhahabu ikubali kuinuka. Akiwahi, gundi humeza mng’ao, akichelewa, haishiki.

Kwenye ukarabati kuna mtihani mgumu zaidi: kufuata mkono wa aliyetangulia, hata pale alipopinda. Anayeinyoosha herufi ya kale ameifuta. Na anayeleta kopo la “rangi ya dhahabu”, ambayo mara nyingi ni unga wa shaba na zinki, ameipa upepo wa bahari kitu cha kuharibu. Dhahabu safi haina kutu, hata vanishi haihitaji.

Bonde la Kilombero nalo lina fungu lake katika kazi hii. Msaji, mti unaopendwa kwa milango, hupandwa huko na Kilombero Valley Teak Company, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1992. Mbao zake zina mafuta ya asili yanayozuia mchwa, lakini yanayozuia gundi pia. Kwa hiyo fundi huanza kwa kuzifuta kwa spiriti, kabla hata ya rangi ya kwanza. Akiruka hatua hiyo, dhahabu yake itabanduka pamoja na kila kilicho chini yake.