Kifua kikuu cha tumbo: lini kisu, lini vidonge

Tumbo lililovimba West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, lina visababishi vingi. Kandokando ya Nile ya Albert kuna kichocho, kinachoharibu ini na kujaza maji tumboni. Watoto hupata saratani ya Burkitt, ambayo madaktari wa hospitali ya Kuluva, karibu na Arua, waliifuatilia kwa makini tangu miaka ya 1960. Na kuna kifua kikuu (TB), ambacho hakiishii mapafuni: hushika utumbo, mitoki na utando wa tumbo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya daktari wa upasuaji Arua au Koboko ni kujua anapambana na nini.

Kazi hiyo huanza bila kisu. Maji ya tumboni huvutwa kwa sindano yakapimwe, ultrasaundi hutafuta mitoki iliyovimba, makohozi hupimwa kwa GeneXpert, na mgonjwa hupimwa VVU. Lakini maji hayo huwa na vimelea vichache mno, hivyo majibu hasi hayaondoi shaka. Hapo upasuaji mdogo husaidia: tumbo hufunguliwa, kipande cha utando au mtoki huchukuliwa, kisha hufungwa. Kipande hicho ndicho kinachoamua. Mtoto mwenye Burkitt akipewa vidonge vya TB kwa kubahatisha, uvimbe wake unaweza kukua maradufu ndani ya siku chache.

TB ikithibitika, tiba ni vidonge: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli kwa miezi 2, kisha rifampisini na isoniazidi kwa miezi 4. Tiba fupi ya miezi 6 ina mizizi hapa kwetu, katika majaribio ya TB ya mapafu yaliyoanza Afrika Mashariki mwaka 1970. Hata utumbo uliobanwa na kovu mara nyingi hufunguka kwa dawa. Katika utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1988, kati ya wagonjwa 39 wenye utumbo uliobanwa, 3 tu walihitaji kupasuliwa.

Kisu kinabaki kwa utumbo ulioziba kabisa, uliotoboka, unaovuja damu bila kukoma, au wenye jipu lisilokauka. Hapo kanuni ni kukata kidogo iwezekanavyo. Penye mbano, utumbo hupasuliwa kwa urefu na kushonwa kwa upana, njia ikapanuka bila kupoteza hata kipande. Penye tundu, kushona tundu peke yake ni hatari: nyama inayolizunguka ina ugonjwa, na mara nyingi mbele yake kuna mbano unaosukuma uchafu urudi kwenye mshono. Afadhali kuondoa sehemu hiyo na kuunganisha ncha zilizo nzima, au kuutoa utumbo nje kwa muda kama mgonjwa amedhoofu sana. Zamani, kabla ya dawa, madaktari waliuzunguka mbano kwa njia ya mkato, na dawa zilipopatikana wengi walikata nusu ya utumbo mpana. Leo hilo halina sababu kwa wagonjwa wengi.

Upasuaji usiofuatwa na vidonge haujaponya chochote. Mgonjwa aliyeshonwa Arua hurudi Koboko, au huvuka mpaka kwenda Kongo au Sudan Kusini, na mshono ukipona hujiona mzima. Basi asiruhusiwe kuondoka kabla jina lake halijaandikwa kwenye rejesta ya TB na barua ya rufaa haijamfikia mhudumu atakayempa dozi ya mwezi ujao.