Samaki Mkubwa wa Mwalimu wa Usoke

Tangi lina urefu wa sentimita 180, upana 60 na kimo 60. Likijaa hadi ukingoni linachukua lita 648, na kwa kuwa lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, sebule hii ya Usoke ilijua itabeba zaidi ya nusu tani hata kabla jiwe la kwanza halijaingia. Kwa hiyo Mwalimu hakuliweka juu ya meza. Alimwita mwashi amjengee jukwaa la matofali ya kuchoma, akalikagua kwa pimamaji pande zote nne, kisha akatandika sponji nyembamba juu yake, kwa sababu punje moja ya mchanga iliyobanwa chini ya kioo inatosha kuanzisha ufa. Kioo ni cha milimita 12. Silikoni ya maungio aliiacha ikauke wiki nzima bila kuigusa.

Wote hapa wanamwita Mwalimu, ingawa alistaafu kufundisha biolojia zamani. Alitaka tangi la mimea hai, lenye samaki wa aina kadhaa wanaoishi pamoja, na katikati yao mmoja mkubwa ambaye jicho la mgeni litamwendea kwanza. Wafugaji wengi duniani, wakipewa kazi hiyo, humchukua Pterophyllum, samaki bapa mwenye mapezi marefu kutoka mito ya Amazon. Huyo hupenda maji laini yenye uchachu kidogo, na maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabati ya Usoke yangemfaa karibu bila kuongezwa kitu. Ningekuwa mimi, ningeishia hapo.

Mwalimu alifuata reli. Ukitoka Usoke kwenda magharibi unapita Urambo na Kaliua, na njia inaishia Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, ilikofika mwaka 1914. Kabla ya reli watu walikwenda huko kwa miguu, misafara ikitoka Unyanyembe hadi Ujiji. Wasafiri Burton na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na katika vitu vilivyorudi nao kulikuwa na makombe ya konokono wa ziwani, ambayo mwaka uliofuata yalielezwa kitaalamu London. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 673 na kina kinachofika mita 1,470, nalo ni la kale kiasi kwamba samaki wake wengi hawapatikani kwingine kokote. Mwalimu aliona ni ajabu kuagiza samaki wa Brazili ilhali treni inapita karibu na nyumba yake.

Ziwa lina wakubwa wengi, na aliwapima mmoja mmoja. Kuhe ndiye mkubwa kuliko wote wa jamii yake humo ziwani, hupita sentimita 60. Huyo, alisema, mahali pake ni kwenye sufuria pamoja na nyanya na limau, na sikuona cha kumpinga. Petrochromis wanang'aa vizuri, ila ni wagomvi na hawaachi jirani apumue. Cyathopharynx dume hujenga bakuli kubwa la mchanga la kuvutia majike, na katika ujenzi huo hung'oa kila mmea ulio njiani. Alibaki frontosa, Cyphotilapia frontosa kwa jina la kitaalamu, ambaye mtaalamu wa samaki Boulenger alimweleza mwaka 1906: mwili mweupe unaoelekea ubuluu, milia mipana myeusi, na nundu kwenye paji la uso inayokua kadiri umri unavyosonga. Dume hupita sentimita 30. Huogelea polepole, hali majani, wala hachimbi sana. Wale wa Kigoma hujulikana kwa milia 7, wakati wenzao wengi wana 6.

Frontosa ana tabia moja ambayo muuzaji hataitaja usipomuuliza. Ziwani huwavizia samaki wadogo alfajiri, wakiwa bado wamezubaa, na huwameza bila kukimbizana nao. Kwa hiyo wenzake walichaguliwa kwa kipimo cha kinywa chake. Mwalimu aliorodhesha Cyprichromis wakubwa, wale warefu wembamba wanaokaa kwa makundi maji ya juu, na Altolamprologus compressiceps, ambaye amebanwa ubavuni lakini ana kimo kirefu na magamba magumu, hivyo si rahisi kumezwa. Vidogo vyote vya kupendeza alivifuta kwa kalamu nyekundu, kama alivyokuwa akisahihisha madaftari.

Ndipo akaanza na maji. Ya mvua hayana karibu kitu ndani yake; ya ziwa yamejaa bikaboneti na magnesi, na pH yake huwa kati ya 8.6 na 9.2. Alisimamisha pipa la bluu la lita 200 nyuma ya nyumba. Kwenye mizani ndogo alipima bekingi soda, kisha haluli ya dukani, ile chumvi chungu ambayo wazee walikuwa wakiinywa kusafisha tumbo, kwa kuwa ndani yake mna magnesi. Mwisho akatia chumvi ya kawaida kidogo. Aliyeyusha kila kitu peke yake kwenye ndoo kabla ya kukimimina pipani, akakoroga kwa mwiko mrefu, akafunika, akaenda kulala. Asubuhi alipima tena, akaandika kwenye daftari, na hapo tu ndipo maji yalipoingia ndani ya nyumba. Hakupunguza hatua hata moja kati ya pipa la kwanza na la mwisho.

Mawe ya eneo hili ni ya itale, na itale haibadilishi maji. Hata hivyo kila jiwe alilipiga mswaki, akalidondoshea maji ya limau na kuliinamia kwa sikio na jicho kuona kama litatoa povu. Povu maana yake ni chokaa. Kwa samaki wa Amazon angelitupa jiwe la namna hiyo; kwa hawa wa ziwa halina neno, lakini alitaka kujua ni lipi na liko wapi. Mawe makubwa aliyakalisha moja kwa moja juu ya kipande cha sponji kwenye sakafu ya tangi, kabla ya mchanga, ili samaki akifukua chini yake yasipinduke na kuvunja kioo. Mchanga wa mtoni aliuosha ndoo kwa ndoo, akikoroga kwa mkono na kumwaga tope, hadi maji ya juu yakatoka safi hivi kwamba ungeweza kusoma saa chini ya ndoo.

Mimea nayo ilikuwa na hesabu yake. Mingi inayouzwa kwa ajili ya matangi hutaka maji laini, na katika maji ya Tanganyika huoza. Lakini ziwa lenyewe lina mimea kwenye ghuba zake zenye matope: Vallisneria yenye majani kama utepe, Ceratophyllum isiyo na mizizi, Potamogeton. Vallisneria ina uwezo wa kuchukua kaboni kutoka kwenye bikaboneti, hivyo maji yanayoua mingine yanailisha hiyo. Mwalimu aliipanda kwa kibano kirefu, mche mmoja mmoja. Alizika mizizi yote na kuiacha shingo nyeupe ya mmea nje ya mchanga, kwa sababu shingo ikizikwa huoza. Miche ilikaa nyuma na pembeni, katikati ikabaki uwanda wa mchanga na mawe. Wiki mbili za kwanza majani ya zamani yaliyeyuka na tangi likaonekana limeharibika. Hakung'oa kitu. Machipukizi mapya yalipotoka yalianza kutambaa chini ya mchanga na kuzaa miche mingine.

Samaki bado hakuna. Sehemu hii ndiyo iliyonifanya nimheshimu zaidi, kwa kuwa haina cha kutazama. Kila siku alitupia tangini chembe chache za chakula cha samaki. Chakula kikioza hutoa amonia. Bakteria huigeuza kuwa nitriti, wengine wakaigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo mimea huila. Bakteria hao hukua taratibu kwenye sponji ya chujio na kwenye mchanga. Kwenye maji ya pH 7 yenye nyuzijoto 25, amonia iliyo katika hali ya sumu ni chini ya asilimia 1 ya yote. Kwenye pH 9 inazidi theluthi. Kosa ambalo samaki wa Amazon angelivumilia, wa Tanganyika linamuua. Mwalimu alidondosha dawa ya kupimia kwenye vichupa, akavishika mbele ya karatasi nyeupe dirishani, akalinganisha rangi. Amonia ilipanda ikashuka, nitriti ikapanda ikashuka. Zote mbili zilipobaki sifuri, mfululizo, alikata tiketi ya Kigoma.

Kwa mfanyabiashara wa samaki wa mapambo kulikuwa na matangi ya saruji yaliyopangwa safu kwa safu. Kijana wa pale alimwonyesha mara moja dume lililokomaa, nundu imejaa, milia imenyooka. "Mzee, huyu ndiye mfalme mwenyewe." Mwalimu alimshukuru, akauliza samaki hawa walivuliwa kina gani na walipandishwa kwa siku ngapi. Swali hilo lilimfanya kijana amtazame upya.

Lina sababu. Frontosa hukaa chini sana, na kibofu chake cha hewa hakina mlango wa kutolea hewa haraka. Ukimtoa mita 30 hadi juu kwa mara moja, hewa iliyo ndani inatanuka takriban mara 4 na kumsukuma matumbo. Wapo wapigambizi wanaomtoboa kwa sindano na kuendelea na safari. Walio stadi humwacha ndani ya kizimba cha wavu, wakakivuta mita chache, wakakifunga kwenye kamba, wakarudi baadaye kukivuta tena, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Aliyeharakishwa humtambui kwa rangi. Unamtambua kwa namna anavyoogelea, kichwa chini au mkia chini, akipiga mapezi bila kukoma ili tu abaki mahali pake.

Mwalimu aligeuza ndoo, akaikalia mbali kidogo na tangi la wadogo. Samaki wakimwona mtu huja mbele kuomba chakula, na samaki anayeomba anaficha mengi. Walipomsahau, ndipo alipoanza kutazama. Alitazama matamvua kwanza, kama yanafunguka kwa mwendo mmoja pande zote mbili. Kisha macho, yasiwe na ukungu. Tumbo lisiwe limeingia ndani wala kufura. Pezi la mgongo lisimame lote. Milia ianze juu na kufika chini bila kukatika. Baadaye aliomba watupiwe chakula kidogo, akaangalia nani anakula, nani anatema, nani anafukuzwa na bado anarudi. Alichagua 8, wa sentimita 10 hivi, na mfalme akamwacha pale pale.

Nilimuuliza kwa nini. "Mwanangu, huyo mkubwa amechaguliwa na watu. Mimi nataka achaguliwe na wenzake." Frontosa wachanga, madume na majike, wanafanana, na hukua taratibu sana; dume anayeongoza hujitokeza ndani ya kundi, baada ya miaka. Anayekulia humo huwazoea majirani zake tangu udogoni, na anaweza kuishi miaka 20 na zaidi.

Walinyimwa chakula siku 2 ili wasichafue maji njiani. Kila mmoja aliwekwa kwenye mfuko wake, maji theluthi moja na oksijeni theluthi mbili, mfuko ndani ya mfuko, pembe za chini zikafungwa kwa mpira ili samaki asijibanze kwenye kona. Makasha ya povu yakafungwa, giza likawatuliza, na usiku treni ikawabeba.

Nyumbani nilitarajia atafungua mifuko na kudondosha maji ya tangi kwa saa nyingi, kama wengi wanavyofanya. Aliiacha ielee ikiwa imefungwa hadi joto likalingana. Ndani ya mfuko pumzi ya samaki huongeza kabonidioksidi, pH hushuka, na amonia iliyolimbikana hupungua makali. Mfuko ukifunguliwa gesi hutoka, pH hupanda, na sumu huamka. Hivyo akishafungua hakusubiri. Alimshika samaki kwa kikombe cha plastiki, akamwingiza tangini, na maji ya safari akayamwaga nje.

Miaka mitatu baadaye mmoja wao alipita sentimita 20, paji lake likaanza kuvimba, na wengine wakawa wanampisha anapotoka kwenye pango la mawe. Jike mmoja alishaonekana amefunga kinywa kwa wiki kadhaa bila kula, akilea mayai mdomoni. Madume mengine mawili yalianza kuraruliwa mapezi, na Mwalimu akayatoa kabla hayajaumia zaidi. Ameyaahidi kwa mwalimu mwenzake wa Urambo, ambaye tayari amenunua kioo. Yamewekwa kwanza kwenye pipa la nyuma ya nyumba lenye chujio lake, na hayatapakiwa mpaka daftari la Urambo lionyeshe amonia sifuri na nitriti sifuri.