Sentensi Tatu za Kufungulia Insha

Swali ni fupi: "Kinjeketile aliwadanganya watu wake. Jadili." Mwanafunzi wa kidato cha sita aliyekaririshwa vizuri ataanza hivi:

"Tamthilia ya Kinjeketile iliandikwa na Ebrahim Hussein na kuchapishwa mwaka 1969. Tamthilia ni utanzu wa fasihi unaotumia mazungumzo na matendo. Mwandishi amefanikiwa kuonesha mambo mbalimbali yanayoikumba jamii. Zifuatazo ni hoja zinazothibitisha kauli hiyo."

Sarufi haina kosa, wala historia. Lakini utangulizi huu unaweza kubandikwa juu ya swali la dhamira, la wahusika, hata la matumizi ya lugha, na usidai kubadilishwa neno. Dokezo pekee la msimamo ni lile "zinazothibitisha", nalo limeponyoka kwa mazoea tu: mwanafunzi amekwisha kuikubali kauli aliyotakiwa kuipima.

Linganisha na huu, nilioutunga kwa swali hilohilo:

"Maji hayakuzuia risasi; hilo halina ubishi. Lakini Kinjeketile wa Ebrahim Hussein aliyaamini aliyotoka nayo mtoni, na ni yeye huyohuyo aliyekuja kuyatilia shaka. Kwa hiyo hakuwadanganya watu wake: alikosea pamoja nao, kisha akazinduka mapema kuliko wao."

Sentensi ya kwanza inamnyang'anya mpinzani silaha. Anayedai kwamba Kinjeketile alidanganya ana ushahidi mmoja mkubwa, kwamba maji aliyowapa watu kama kinga ya risasi hayakufua dafu mbele ya bunduki za Wajerumani. Ukiuacha hadi aya ya nne, mtahini atakuwa nao kichwani muda wote, anakungoja. Ukiukubali mapema, linabaki swali gumu zaidi, na ndilo lenye mvuto: je, alijua?

Mzigo wenyewe umebebwa na sentensi ya pili. Tazama maneno "Kinjeketile wa Ebrahim Hussein". Yanaonekana kama adabu tu ya kumtaja mwandishi, kumbe yanatenganisha watu wawili. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro, Agosti 1905, Vita vya Majimaji ndiyo kwanza vimeanza. Vikaendelea bila yeye hadi 1907. Wa jukwaani yuko hai baada ya kushindwa. Yumo mikononi mwa adui, anatakiwa akiri kuwa maji yalikuwa uongo, naye anakataa. Mwanafunzi anayewachanganya hawa wawili hatakuwa na namna ya kuieleza sehemu hiyo ya mwisho, na hapo ndipo penye ushahidi mkali kuliko wote, tena ukatao kuwili: mtu aliyekwisha kutia shaka, mbona hakiri?

Sentensi hiyohiyo imeipanga insha nzima bila zile "nitaanza na" na "kisha nitaeleza". Imani kwanza, shaka baadaye. Aya ya imani itatoka mtoni. Aya ya shaka itatoka pale anapotambua kwamba, kwa maneno ya Hongo, mzimu uliompanda, watakuwa watoto wa Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, yaani wamtoe mtawala mmoja wampokee mwingine.

Ya tatu ni jibu, limetolewa waziwazi. Sijaridhika sana na "mapema kuliko wao", maana inaalika swali la papo hapo: alipozinduka, alifanya nini? Mwanafunzi asiyeweza kulijibu kwa tukio kutoka ndani ya tamthilia ni heri aikate, aishie kwenye "alikosea pamoja nao".

Utangulizi wa namna hii hauandikwi mwanzo, japo unasomwa mwanzo. Ndani ya chumba cha mtihani, andika kwanza jibu lako kwa sentensi moja kwenye karatasi ya rafu. Chini yake taja matukio yatakayolibeba, pamoja na lile linalokusumbua. Hilo linalokusumbua mara nyingi ndilo litakalokuwa sentensi yako ya kwanza. Dakika tano zinatosha, na ni chache kuliko zile zinazopotea kwa kueleza tamthilia ni nini kwa mtu anayeifundisha.

Na mwaka 1969? Usitupwe. Wakati huo Tanganyika ilikuwa na miaka minane tu tangu ipate uhuru, na tamthilia inahangaika na makabila yanayotakiwa kuwa kitu kimoja. Uhamishiwe kwenye aya ya umoja. Huko utakuwa na kazi ya kufanya.