Fundi Asiyebadilisha Kitu

Yupo fundi redio mmoja pale Mwanga, Kigoma, jirani na soko, mwenye tabia inayowaudhi wateja wenye haraka. Ukimpa kifaa kibovu hakifungui. Anakiweka mezani, anakitazama, halafu anaanza kukuuliza. Kilianza lini? Kilikuwa wapi? Nani alikishika mara ya mwisho? Bisibisi anayo mkononi, lakini bisibisi inasubiri. Vijana wa simu waliomzunguka, wenye vibanda vya vioo, wakipokea kifaa tu wameshakivua ganda. Yeye bado anauliza.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake siku kijana mmoja mpiga picha wa harusi alipomletea rimoti ya kamera, ile ya vipande viwili. Kimoja kinakaa juu ya kamera na kuungwa nayo kwa waya mfupi, kingine kinakaa mkononi. Ukibonyeza cha mkononi, mawimbi ya redio yanakifikia cha juu, na kamera inapiga picha bila kuguswa.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Inasumbua nini hiyo?”

“Imekufa, mzee. Haipigi.”

“Hebu bonyeza niione.”

Kijana akabonyeza, na kamera ikapiga. Akabaki ameduwaa. “Hapa inakubali. Nikifika nayo kazini inakataa.”

“Kazini wapi?”

“Kibirizi, mwaloni. Napiga picha za taa za wavuvi.”

“Usiku?”

“Usiku, mzee.”

Aliyewahi kusimama ufukweni Kigoma wakati wa giza anaijua kazi hiyo. Wavuvi wa dagaa hufuata giza. Mbalamwezi ikitanda wanapumzika, kwa sababu samaki hawaifuati taa ipasavyo pale mwezi unapong’aa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wana taa za betri, lakini mandhari ni ile ile: mstari mrefu wa nuru juu ya maji, na ng’ambo, kwenye weusi, milima ya Kongo. Kuipata picha hiyo kamera inaachwa wazi sekunde ishirini au thelathini, juu ya stendi ya miguu mitatu. Ukiigusa kwa kidole tu, inatikisika na taa zote zinatoka na mikia. Ndiyo maana ya rimoti. Kwa kijana yule halikuwa jambo la kuringia, ilikuwa ni nusu ya picha yenyewe.

Mzee alivua koti lake akaifunika kamera yote, lenzi ikaingia gizani. “Bonyeza sasa.” Kijana akabonyeza. Chini ya koti tukasikia lenzi ikizunguka, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikaenda tena, ikanyamaza. Picha haikupigwa. Mzee akaingiza mkono chini ya koti, akapapasa ubavu wa lenzi, akasogeza swichi ndogo. “Bonyeza tena.” Kamera ikapiga papo hapo.

“Rimoti yako nzima,” alisema. “Inaiambia kamera mambo mawili: kwanza tazama, halafu piga. Gizani kamera inatazama, haioni cha kukamata, inakataa kupiga. Sasa nimeizuia isijitafutie yenyewe. Ukifika mwaloni, chagua taa moja ya mbali, ilenge kwa mkono mpaka iwe kali, kisha usiiguse tena lenzi. Itapiga mpaka asubuhi.”

Kijana alifurahi. Halafu akauliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike haya yote: “Kwa hiyo mzee, umebadilisha nini?”

Hakubadilisha kitu. Kijana akashukuru sana, akabeba vifaa vyake, akaondoka bila kutoa hata shilingi, na nina hakika moyoni mwake hakuona kwamba amedhulumu mtu. Hivyo ndivyo tulivyozoea wote. Tunalipia kipuri. Tunalipia risasi iliyoyeyushwa, waya mpya, kioo kipya. Kichwa kilichojua kwamba havihitajiki hatukilipii. Hospitali tunatoa pesa ya kumwona daktari, na daktari akisema huna ugonjwa tunatoka tukimshukuru Mungu, wala hatudai turudishiwe. Kwa fundi, habari hiyo hiyo njema tunaiona ni kazi ambayo haikufanyika.

Nami nasema hapo ndipo kazi yote ilipo. Kufungua skrubu ni jambo la kufundishika kwa wiki moja. Kutafuta ubovu ni elimu ya maisha, na ina adabu yake. Mzee huyu huanza kwa kuigawa safari. Kati ya kidole cha mtu na kamera kuna betri, kuna kitufe, kuna mawimbi, kuna kipokezi, kuna waya, kuna tundu la kamera. Haanzii mwanzo wala mwisho, anaanzia katikati. Nimemwona akichomoa waya wa kipokezi na kugusanisha ncha na shina la plagi yake kwa bisibisi. Kamera ikipiga kwa mguso ule, basi nusu nzima ya mashaka imeondoka, waya na kamera ni wazima, na kinachotafutwa kiko upande wa pili. Betri haipimi ikiwa imelala. Ile bapa ya duara, kama ya saa ya mkononi, ikiwa imepumzika itakuonyesha volti tatu hata ikiwa imechoka, kwa hiyo anaipima kitufe kikiwa kimebonyezwa, wakati inafanya kazi. Ndipo inaposema kweli.

Zipo rimoti za aina nyingine, zisizotumia redio bali nuru isiyoonekana kwa jicho, kama ile ya televisheni. Hizo ugonjwa wake ni kinyume na wa kijana wa Kibirizi: ndani ya nyumba zinakubali, jua la saa saba likiwaka ufukweni zinakataa, maana jua lenyewe limejaa nuru ya namna ile na jicho la kamera linashindwa kubagua. Kuzipima, mzee huomba simu ya mteja, anaifungua kamera ya mbele, anaielekezea rimoti na kubonyeza. Kwenye kioo cha simu kinatokea kidoa cheupe chenye rangi ya zambarau. Kikitokea, rimoti inazungumza, na tatizo liko kwa msikilizaji. Zile za redio nazo nyingi zina vijiswichi vinne visivyozidi punje ya mchele, vinavyochagua mojawapo ya njia kumi na sita. Mtoto akichezea kimoja tu, kipande cha mkononi na cha juu havisikilizani tena. Watu wametupa rimoti nzima kwa ajili ya kijiswichi hicho.

Mkono wa namna hii niliuona mara ya kwanza Ujiji, utotoni, katika studio tuliyopelekwa sikukuu ya Idi. Pazia lilikuwa limechorwa bahari na minazi, ingawa nje ya mlango tulikuwa na ziwa letu wenyewe. Kamera ilikuwa ya filamu pana, picha kumi na mbili kwa mkanda mmoja, na kila picha ilikuwa na bei. Mpiga picha alikuwa na waya mwembamba uliofunikwa kitambaa cheusi, wenye kibonyezo mwishoni. Kabla hatujakaa aliuchomoa kwenye kamera, akaunyanyua dirishani na kuubonyeza polepole, macho yake yakiwa kwenye ncha ya pili, ambako sindano ndogo ilichomoza na kurudi. Alifanya hivyo tena na tena, akipinda waya huku na huku, kuhakikisha sindano haikwami popote waya unapokunjika. Hakuna aliyemwambia afanye haraka. Bibi yangu, mwanamke asiyependa kusubirishwa, alikaa kimya akamtazama, kwa sababu aliona mtu anayeheshimu pesa zake.

Kisha akafanya jambo ambalo wapiga picha wengi wa leo wameliacha. Hakujificha nyuma ya kamera. Alisimama kando yake, waya mkononi, mkono ukiwa umeshuka ubavuni, akazungumza na bibi kama mgeni aliyepita kumsalimia. Akamuuliza, “Bibi, huyu mdogo ni mjukuu wako wa ngapi?” Bibi akainua kidevu kumjibu. Kibonyezo kikabonyezwa pale pale. Picha hiyo ipo mpaka leo: kanga imetulia begani, midomo imefunguka kidogo, macho yanamtazama binadamu na si mashine. Hatuna picha nyingine ya bibi inayofanana na bibi.

Mkoa wetu una ushahidi mkubwa zaidi kuhusu kupiga picha bila kugusa kamera. Kaskazini ya Kibirizi, kwa boti, iko Gombe, alikofika Jane Goodall mwezi Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Mojawapo ya picha zake zinazojulikana mno duniani, ile aliyoketi juu mlimani na darubini yake, ziwa likiwa chini, alijipiga mwenyewe, peke yake, kamera ikiwa ameitegesha kwenye mti. Nikiitazama, mawazo yangu huenda kwenye mti ule, kwa mtu aliyesimama kuchagua tagaa linalofaa na kuhakikisha kila kitu kimekaa sawa, bila duka la kamera jirani la kukimbilia.

Sasa maduka ni mengi, na jibu la maduka ni moja: nunua nyingine. Rimoti hizi ni rahisi, basi uvumilivu wa kuzichunguza umeonekana ni hasara. Kijana akishindwa mara mbili anaagiza mpya, na mpya inamshinda vile vile, kwa kuwa ubovu haukuwa ndani yake. Mpiga picha hakijui tena chombo chake, na fundi hana sababu ya kukijua. Benchi la mzee wa Mwanga zamani lilikuwa na wanafunzi. Leo halina. Vijana wanakwenda kwenye simu, kazi ya kubadilisha kioo, ambayo inalipa siku hiyo hiyo, na mimi siwezi kuwalaumu. Ni sisi wateja tuliowaonyesha kipi kina thamani kwetu.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kifaa chako kikigoma, kabla ya kukitupa mpelekee fundi wa aina hii, kila mji bado unaye mmoja au wawili. Mjibu maswali yake yote, hata yale unayoyaona ya kipuuzi. Na akikurudishia kifaa chako kikiwa kizima, bila skrubu hata moja kufunguliwa, mlipe.