Zamu ya Asiyesema

Katika filamu nyingi za ndoa iliyochuja, tunasubiri fumanizi. Kofi, kilio, nguo za mtu zinarushwa nje, na mwigizaji anayepaza sauti kuliko wenzake ndiye anayesifiwa. Lantana, filamu ya Australia iliyoongozwa na Ray Lawrence na kutoka mwaka 2001, ilinizoeza kumtazama yule ambaye si zamu yake kusema. Tangu hapo naamini kwamba kusikiliza mbele ya kamera ni kazi ngumu kuliko kunena, na kwamba hadithi ya usaliti wa watu wa makamo haisimami bila waigizaji wanaoiweza kazi hiyo.

Leon Zat, mpelelezi wa polisi jijini Sydney anayeigizwa na Anthony LaPaglia, anajifunza kucheza salsa pamoja na mkewe Sonja. Katika darasa hilohilo amepata hawara, Jane, mwanamke aliyetengana na mumewe. Sonja, ambaye bado hajui ila moyo unamwambia, anakwenda kwa siri kwa daktari wa magonjwa ya akili, Valerie Somers. Daktari mwenyewe ana lake: ndoa yake na John imepoa tangu binti yao auawe. Usiku mmoja gari la Valerie linaharibika barabarani, naye harudi nyumbani. Kesi inaangukia mikononi mwa Leon.

Hadithi hii ilianzia jukwaani. Andrew Bovell aliitoa katika tamthilia yake mwenyewe, Speaking in Tongues, iliyooneshwa kwa mara ya kwanza Sydney mwaka 1996. Pale waigizaji 4 hubeba wahusika 9, na mchezo hufunguka kwa wanandoa kutoka ndoa mbili, kila mmoja akiwa chumbani na asiye wake, wote wakizungumza kwa wakati mmoja. Maneno yanapandana, na mara nyingine sentensi moja inatoka katika vinywa viwili. Ni tamasha la ndimi. Bovell alipoandika filamu angeweza kuubeba ufundi huo kama ulivyo, nao ungesifiwa. Badala yake aliwatawanya wasemaji wake, kila mtu nyumbani kwake na upweke wake, kisha akawaletea sauti kwa njia ya simu na kaseti. Wale waliokuwa wakisema kwa pamoja sasa wanasikiliza mmoja mmoja. Sijui uamuzi wa kiuandishi wa ujasiri kuliko huo katika filamu za aina hii.

Mfikirie John. Valerie, akiwa amekwama usiku, anapiga simu nyumbani, na mashine inaupokea ujumbe wake. Baadaye tunafahamu kwamba mumewe alikuwapo na hakuinua simu. Geoffrey Rush, mwigizaji anayeweza kuijaza skrini nzima kwa mbwembwe akitaka, hapa amejikunja. Hatuoneshi mume katili. Anatuonesha mtu aliyechoka kuhitajiwa, na uchovu huo, ambao kila aliyekaa kwenye ndoa miaka mingi anaufahamu kwa namna fulani, ndio unaotisha. Hakulala na mtu mwingine. Hata hivyo sioni katika filamu nzima usaliti mzito kuliko ule wa kuisikia sauti ya mwenzako ikiita na kuiacha iishe yenyewe.

Halafu kuna kaseti. Valerie alikuwa akirekodi mazungumzo na wagonjwa wake, na miongoni mwa vielelezo vya upelelezi Leon anakutana na sauti ya mkewe. Anaisikiliza akiwa ndani ya gari. Daktari anamuuliza Sonja kama bado anampenda mumewe. LaPaglia hana mtu wa kuigiza naye hapo: hakuna jicho la kulikwepa wala mkono wa kuushika. Ana sauti tu, na uso mpana wa mwanamume ambaye muda wote amekuwa mkali kwa washukiwa na kwa wanawe pia. Jibu linapotoka, uso ule unavunjika. Kamera ya Mandy Walker haimsongi. Inamwachia nafasi yake, kama mtu mwenye adabu anavyofanya mbele ya aliyefiwa.

Kerry Armstrong, anayemwigiza Sonja, ana ufundi mwingine kabisa. Mhusika wake anasema mapema kwamba kwake usaliti si mume kulala na mwanamke mwingine. Usaliti ni kumficha. Kwa hiyo tunapomtazama akimsikiliza Leon akizungumza mambo ya kawaida, tunajua anasikiliza nini. Anatafuta neno ambalo halijatamkwa.

Jina la filamu ni la mmea uliotoka maeneo ya joto ya Amerika, ukatapakaa Australia kama ulivyotapakaa Kenya na Tanzania: maua ya kupendeza juu, kichaka cha miiba ndani. Filamu inafunguka kamera ikizama humo, wadudu wakilia, hadi kwenye maiti ya mwanamke. Sisi nasi tunaanza kwa kutega sikio kabla hatujajua lolote.

Katika tuzo za Taasisi ya Filamu ya Australia za mwaka 2001, Lantana ilizoa zote nne za uigizaji: LaPaglia, Armstrong, Rachael Blake aliyekuwa Jane, na Vince Colosimo aliyekuwa Nik, jirani wa Jane anayeshukiwa kumuua Valerie. Sina ugomvi na waamuzi. Lakini kila nikiitazama namngoja Daniella Farinacci, ambaye hakupata tuzo. Ni Paula, mke wa Nik, muuguzi mwenye watoto wadogo na mume asiye na kazi. Leon anamuuliza anajuaje kwamba mumewe hana hatia. Paula anajibu kwamba Nik amemwambia hivyo. Farinacci analitoa jibu hilo bila kulipamba na bila kuomba aaminiwe, na mpelelezi aliyemdanganya mke wake mwenyewe hana swali la kufuatisha.