Tundu, Uzi na Fundo

Mteja akisimama mbele ya meza ya vito, jicho lake hukimbilia rangi. Ataliinua jiwe jekundu, ataligeuzageuza kwenye mwanga wa mlangoni, ataulizia limetoka wapi na linauzwaje. Sijawahi kumsikia mteja akisifia tundu. Nami naona tundu ndilo linalostahili sifa ya kwanza, maana jiwe lilikuwa zuri tangu lilipokuwa ardhini. Alichoongeza mtu ni njia ya uzi kupita, na njia hiyo ndiyo inayolifanya jiwe livaliwe.

Chukua ganeti yenye ukubwa wa punje ya hindi. Ncha ya kuitobolea imepakwa vumbi la almasi, kwa kuwa chuma kitupu hakifui dafu mbele ya jiwe la namna hii. Jiwe hutobolewa ndani ya maji, au chini ya maji yanayodondoka bila kukoma, kwa sababu likikauka joto la msuguano hulipasua. Fundi hakandamizi. Anashusha ncha, anainyanyua ili maji yaingie yatoe unga, anaishusha tena. Akifika nusu anageuza jiwe na kuanza upande wa pili, kwani ncha ikichomoza kwa nguvu upande wa pili hubandua kigae, na kigae kikibanduka hakuna gundi inayoficha aibu hiyo. Sasa matundu mawili hayana budi kukutana katikati. Yakipishana kidogo tu, uzi utapinda ndani ya jiwe, ukingo mkali utausugua kila mvaaji anapogeuza shingo, na siku moja kidani kitamwagika chini ya viti vya daladala. Mvaaji atalaumu uzi, na uzi hauna kosa.

Watu wa Iringa waliijua kazi hii zamani sana. Mlambalasi, kwenye mwamba ule ambako Chifu Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asiingie mikononi mwa Wajerumani, tumezoea kwenda kwa ajili ya kaburi lake. Lakini chini ya udongo wa mwamba huohuo, na kwenye pango la Magubike mkoani humohumo, watafiti wakiongozwa na Pamela Willoughby wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, wamefukua shanga za ganda la yai la mbuni. Ni vijiduara vyembamba vya milimita chache, kila kimoja na tundu katikati. Baadhi ni vya maelfu mengi ya miaka kabla ya jembe la kwanza kugusa ardhi ya Iringa.

Namna vilivyotengenezwa inanifurahisha kuliko umri wake. Ganda lilivunjwavunjwa vipande, kila kipande kikatobolewa kikiwa bado na kona zake, ndipo kingo zikamegwa na kusagwa hadi zikaviringana. Tundu lilitangulia umbo. Yeyote aliyewahi kutoboa kitu chembamba anajua kwa nini: kikipasuka wakati wa kutoboa, umepoteza kipande tu, hujapoteza kazi ya kukisaga. Hayo ni mahesabu ya fundi anayethamini muda wake. Mwaka 2021 Jennifer Miller, ambaye alikuwa ameshazichunguza shanga za Iringa, na mwenzake Yiming Wang walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa shanga zaidi ya 1,500 za ganda la mbuni kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika. Walipima vitu vitatu: upana wa ushanga, unene wa ganda, na upana wa tundu. Wakaona kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 hivi iliyopita, shanga za kanda hizi mbili zilifanana mno, wakahitimisha kwamba watu wa huku na wa kule walikuwa na mawasiliano. Yaani jamii zilizotengana kwa maelfu ya kilomita zimejulikana kuwa zilifahamiana kwa sababu mafundi wao walitoboa na kusaga kwa kipimo kimoja.

Shanga za kioo zilikuja baadaye kwa njia ya pwani. Richard Burton, aliyepita na misafara ya bara kati ya mwaka 1857 na 1859, aliandika kwamba shanga zilizokuwa zikiuzwa zilikuwa za aina 400 hivi, na kwamba mfanyabiashara aliyebeba rangi isiyotakiwa mahali fulani alikwama nayo. Wateja wa bara walikuwa na macho. Mafundi wa Venice waliozitengeneza walilazimika kufuata matakwa ya wanawake ambao hawakuwaona kamwe. Nalitaja hili kwa sababu bado wapo watu wanaodhani mnunuzi wa kijijini atachukua chochote kinachong'aa. Hakuwa hivyo karne ya kumi na tisa na hayuko hivyo leo pale soko la Mwanjelwa mjini Mbeya.

Leo shanga nyingi zinazotungwa Mbeya na Iringa hupanda basi kutoka Kariakoo. Za Jamhuri ya Cheki ni ghali, lakini zinalingana. Za bei rahisi huja zimechanganyika, moja nene, nyingine nyembamba, nyingine tundu lake limezibwa na kioo au limekaa pembeni. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtunzi wa vito ni kuchambua. Anamwaga shanga juu ya kipande cha blanketi ili zisibingirike, anachota chache kwa ncha ya sindano, anazitazama zikiwa zimelala mstari mmoja. Nyembamba zinakwenda kwenye kikopo kimoja, nene kingine, mbovu zinatupwa. Atakayeruka hatua hii ataiona adhabu yake kwenye bangili pana yenye mapambo ya pembetatu: ikifika katikati mistari inaanza kulala upande, na hakuna namna ya kuinyoosha ila kufumua. Lakini mwenye jicho zuri haziachi zile nyembamba kikoponi. Huzitumia palepale panapohitaji kupinda, kwenye shingo ya kidani, ili kazi ikae juu ya mfupa wa bega bila kunyanyuka. Hapo kasoro ya kiwanda imegeuzwa kuwa ushonaji.

Mawe nayo yana hekima yake, na mjasiriamali anapaswa kuijua kabla hajamuuzia mtu. Mwaka 1812 Friedrich Mohs alipanga ugumu wa mawe kutoka 1 hadi 10, almasi ikiwa juu kabisa. Vumbi letu la kila siku lina chembe za kwatzi, na kwatzi ni 7. Kwa hiyo jiwe lolote lililo chini ya 7 litachubuliwa na vumbi la kawaida la barabarani, taratibu, mwaka hata mwaka. Rubi ni 9, haijali. Ganeti iko karibu na 7, inavumilia. Tanzanaiti, fahari yetu ya Mererani, ni kama 6.5, tena ina upande ambao ikigongwa hupasuka kirahisi. Kuiweka kwenye bangili ya mtu anayefua na kutwanga ni kumwonea mnunuzi. Mahali pake ni sikioni au kifuani. Malakiti, lile jiwe la kijani lenye mistari linalotoka kwenye ukanda wa shaba wa Zambia na Kongo, ng'ambo ya Tunduma, ni laini zaidi, haifiki 4, na ndimu huiharibu. Muuzaji mwaminifu husema: mama, hii vua kabla hujaingia jikoni. Sentensi hiyo moja humrudisha mteja kuliko punguzo la bei.

Kisha uzi. Mshipi wa nailoni unaouzwa kwa wavuvi ni rahisi na unapatikana kila mahali, ila hukakamaa na kukatika ukizeeka. Waya laini uliovikwa plastiki unabeba mawe mazito, na lastiki inafaa bangili za watoto, si zaidi. Kwa vidani vya mawe ya thamani, uzi wa kusokotwa wenye fundo kati ya jiwe na jiwe bado haujapata mpinzani. Fundo huzuia mawe yasisagane, na uzi ukikatika linapotea jiwe moja, mengine yanabaki yameshikwa. Kulifunga ndipo penye ufundi: kitanzi hulegezwa, ncha ya sindano huingizwa ndani yake, kitanzi husukumwa kwa sindano mpaka kiguse jiwe, ndipo sindano inachomolewa na uzi kuvutwa kwa wakati mmoja. Ukichelewa kidogo, fundo linafunga mbali na jiwe na pengo linaonekana. Miezi ya Juni na Julai, Mbeya ikiwa na baridi yake na kilele cha Loleza kimefunikwa, vidole hufa ganzi na kazi hii hungoja jua liingie dirishani. Fundi anayejiheshimu hafungi mafundo asubuhi ya Julai, anachambua shanga.

Tumefika kwenye bei, na hapa ndipo ninapoumia. Sikiliza mazungumzo ya sokoni.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Hiki kidani shilingi ngapi?"

"Elfu ishirini na tano, mama."

"Shanga tu hizi? Nipe kwa elfu nane."

Na binti anaitikia, kwa sababu akilini mwake amehesabu shanga za elfu nne, kishikizo na uzi vya elfu moja, akaona amepata faida ya elfu tatu. Hakuhesabu siku mbili alizoinama, nauli ya kufuata mzigo, shanga mbovu alizotupa, wala mwanga alioununua. Amemlipa muuza shanga, amemlipa mwenye basi, hakujilipa mwenyewe. Kanuni ninayoiamini ni nyepesi: andika saa ulizotumia, zipe thamani isiyopungua ya kibarua wa mtaani kwako, jumlisha na gharama zote, ndipo uongeze faida. Ikitokea bei ambayo hakuna atakayeinunua, badili muundo, usibadili ujira. Tengeneza hereni fupi zenye jiwe moja na ndoano safi zisizo na nikeli inayowasha masikio. Zinamalizika kwa saa moja, na mteja wa mshahara anazimudu mwisho wa mwezi. Kidani kikubwa kisubiri mwenye harusi.

Kwamba ujira wa mikono unaweza kudaiwa bila kuombaomba, Iringa imekwisha kuonyesha. Mwaka 2003 Susie Hart, msanii kutoka Uingereza aliyeishi mjini hapo, alianzisha Neema Crafts chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, akiwa na vijana watatu viziwi na kazi ya kutengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Kituo kikakua na kuajiri watu wengi wenye ulemavu, kikiwa na karakana za ufumaji, ushonaji na vito vya shanga, pamoja na mkahawa ambao wahudumu wake ni viziwi na mteja huandika oda yake. Ninachokisifia zaidi ni dukani kwao: bidhaa imemalizwa vizuri, ndoano zimefungwa sawasawa, rangi zimechaguliwa. Mtu ananunua kwa sababu ni nzuri. Huruma ya mteja hununua mara moja. Hereni iliyotulia sikioni ndiyo inayomrudisha dukani.

Lipo jambo linalobaki kuniudhi. Kusini kwetu hakukosi mawe. Miaka ya 1990 watu walikimbilia Songea na Tunduru kwa ajili ya yakuti samawi, ganeti na mawe mengine ya rangi nyingi. Chunya dhahabu imechimbwa tangu enzi za Waingereza, na serikali ilipoanza kufungua masoko ya madini mwaka 2019, Chunya nayo ilipata lake. Madini ghafi hayanunuliwi chini ya mwembe. Yanataka leseni, na ni haki yatake, maana mchimbaji mdogo ameibiwa vya kutosha. Lakini mtunzi wa vito wa Iringa anayetaka ganeti ya Tunduru iliyokatwa na kutobolewa, ikiwa na risiti yake, mara nyingi huipata kwa kuizungukia Arusha au Dar es Salaam. Jiwe limeondoka kusini likiwa ghafi, na linarudi likiwa limebeba ujira wa watu wengine. Arusha ina kituo cha serikali kinachofundisha kukata na kung'arisha mawe, na wanawake wengi wamepita pale wakatoka na ufundi. Kijana wa Uyole, Mbeya, au wa Kihesa, Iringa, akitaka kujifunza hayo hafunzwi nyumbani kwao. Anapanga chumba mbali na kula akiba.

Shirika la SIDO limekuwa likihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, na lina ofisi Mbeya na Iringa. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, ipo. Maonesho ya Nane Nane yanafanyika kila mwaka viwanja vya John Mwakangale, Mbeya, na vibanda vya wajasiriamali hujaa. Kinachotakiwa si kiwanda. Ni meza mbili za kukatia na kutobolea, moja kila mji, injini ndogo, ncha za almasi, ndoo ya maji, na fundi mmoja kutoka Arusha anayekubali kukaa kwa mwaka. Ningeanza na wale ambao tayari wana mikono: wasusi wa vikapu vya milulu wa Iringa ambao vidole vyao vinajua kuvuta bila kukata, na mabinti wanaotunga shanga Mwanjelwa. Nao wafundishwe kutoboa kwanza, kabla ya kukata na kung'arisha.